Kiwavi aliyepuliziwa bado anakula, nyuki wangu ndio waliokufa. Kwa nini?

MamaMizinga_Bweyale

Habari zenu wafugaji wenzangu. Naandika nikiwa na uchungu, kwa hiyo mnisamehe maelezo yakiwa marefu.

Nina mizinga 14 nje kidogo ya Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Mizinga 9 ni ya magogo, mingine 5 ni ya KTB, yaani masanduku yenye pau za juu, niliyomchongesha seremala wa hapa mjini. Hii 5 ndiyo iliyo karibu na mpaka. Ng'ambo ya mpaka jirani yangu amelima matikitimaji, na nyuma ya matikiti kuna mahindi yake. Huyu jirani hatuna ugomvi hata kidogo. Mwanawe ndiye hunisaidia kupakua asali.

Jumanne ya wiki jana, saa 3 asubuhi, alibeba bomba mgongoni akapulizia matikiti. Maua yalikuwa wazi na nyuki walikuwa juu yake. Dawa iliyobaki aliimalizia kwenye mahindi, maana viwavijeshi vamizi wamemtesa msimu huu. Kufika saa 7 mchana, mbele ya mizinga yangu nyuki walikuwa wanatetemeka, wanajizungusha chini bila kuweza kuruka, na wengine wameshakufa ulimi ukiwa nje. Niliwazoa kwa ufagio wakajaza beseni. Mizinga yote 5 imeguswa, na miwili imekwisha kabisa: ndani amebaki malkia na nyuki wachache wasiotosha hata kufunika majana, yaani watoto wa nyuki.

Sasa sikilizeni kilichonikosesha usingizi. Alhamisi nilikwenda kwenye mahindi ya jirani, nikafunua moyo wa mhindi kwa vidole. Kiwavi yumo, mnene, kinyesi chake kibichi kama pumba za mbao zilizolowa. Nikafunua wa pili, yumo. Wa tatu, yumo. Bomba lile lile, dawa ile ile, asubuhi ile ile. Aliyekusudiwa kufa anakula, na wangu waliokwenda kutafuta nekta wamekufa. Nilisimama pale nikalia, sioni haya kusema.

Kuna mambo mawili ambayo huenda yakasaidia kunijibu. Kwanza, jirani alinionyesha chupa bila kuficha. Zilikuwa mbili, na alizichanganya katika bomba moja: ya wadudu imeandikwa lambda-saihalothrini, ya ukungu imeandikwa tebukonazoli. Pili, ile mizinga miwili iliyokwisha ndiyo niliyokuwa nikiilisha maji ya sukari tangu Januari, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kikali. Ile mitatu iliyonusurika ilikuwa na asali yake yenyewe. Je, hayo yana uhusiano?

Nataka kuelewa mwili wa mdudu unafanya nini na sumu. Muhogo mchungu sisi tunaumenya, tunauloweka, tunauanika, sumu inatoka. Nyuki naye ana namna yake ya kuloweka?

---

BombaMgongoni

Pole sana mama. Mimi ni mpuliziaji wa lejaleja upande wa Masindi, kwa hiyo naomba niseme ukweli wa kazi yetu. Tunalipwa kwa bomba. Maji yako mbali, jerikeni inabebwa kichwani au kwa baiskeli. Ukimwambia mwenye shamba kuwa dawa ya ukungu ipigwe leo na ya wadudu kesho, hapo umemwambia alipe mara mbili. Ndiyo maana tunachanganya. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuchanganya kunageuza dawa kuwa kitu kingine kwa nyuki. Dukani wanakuambia tu kwamba zinaelewana, yaani hazigandi ndani ya bomba.

Kuhusu kiwavi, la kwanza ni kwamba dawa haikumfikia. Akishaingia ndani ya moyo wa mhindi anajiziba kwa kinyesi chake. Unampata akiwa bado mdogo sana, au jioni anapotoka. Saa 3 asubuhi unapulizia majani tu.

---

Mwalimu_Kemia_Gulu

Mama, pole. Beseni la nyuki waliokufa nalijua, nilishawahi kulishika. Ninafundisha kemia sekondari na nina mizinga Amuru, na swali lako la kiwavi na nyuki nimelisoma sana tangu nilipopatwa na yangu. Aliyosema ndugu yetu wa bomba ni kweli: kiwavi alijificha, nyuki alikuwa wazi juu ya ua. Lakini hata ungewaweka wote wawili mezani ukawadondoshea tone moja moja, bado kuna hadithi.

Nianze na sufuria. Sufuria iliyopikiwa nyama ya mafuta ukiisuuza kwa maji matupu, mafuta yanabaki. Unahitaji majivu au sabuni ili maji yapate pa kushika. Sumu nyingi za mimea na za dukani ni hivyo hivyo: zinapenda mafuta, zinapenya mwilini, na maji ya mwili hayawezi kuzibeba kuzitoa. Kazi ya mdudu ni kuzibadilisha ziwe za kukubali maji. Vimeng'enya vya kundi linaloitwa saitokromu P450 vinashika molekuli ya sumu na kuibandika atomu ya oksijeni. Hapo inapata mshikio. Vimeng'enya vingine vinakuja kuifunga sukari au glutathioni (molekuli ndogo ya mwilini) kwenye mshikio huo, kisha pampu zilizo kwenye kuta za seli zinaisukuma nje. Kazi hii hufanyika hasa kwenye utumbo wa kati, kwenye tishu ya mafuta, na kwenye mirija ya Malpighi ambayo kwa mdudu ndiyo kama figo. Kwa hiyo ndiyo, mama, nyuki analoweka muhogo wake, ila anaulowekea tumboni.

Sasa idadi ya vyombo. Jenomu ya nyuki wa asali, yaani jumla ya jeni zake, ilipochapishwa mwaka 2006, watafiti walihesabu jeni 46 za P450. Inzi mdogo wa matunda ana zaidi ya 80. Mbu wa malaria ana zaidi ya 100, na kiwavijeshi vamizi vilevile ana zaidi ya 100. Sababu inayotolewa mara nyingi ni chakula. Jani halitaki kuliwa, limejaa sumu. Ua linataka kutembelewa, kwa hiyo nekta yake ni laini kwa mgeni. Nyuki kwa mamilioni ya miaka amekuwa mgeni wa kualikwa. Kiwavi ni mwizi, na mwizi lazima awe na ufunguo wa kila kufuli.

Mfano wa ufunguo huo uko kwenye mahindi yenyewe. Jani la mhindi linaweka sumu yake ikiwa imefungwa kwa sukari, imelala. Mdudu akitafuna, sukari inakatwa na sumu inaamka. Kiwavijeshi anafanya nini? Anairudishia sukari, lakini anaibandika ikiwa imegeukia upande mwingine, hivyo kile kimeng'enya cha kukata hakiwezi tena kuishika. Sumu inalala moja kwa moja na inatoka na kinyesi. Kile kinyesi ulichokiona, mama, kimebeba silaha za mhindi zilizovuliwa risasi.

Hapa naomba msikimbilie kusema kwamba nyuki ni dhaifu. Mwaka 2010 kuna waliolinganisha nyuki na wadudu wengine wengi kwa sumu nyingi, na kwa jumla hawakumkuta nyuki akifa kirahisi kuliko wengine. Vyombo vyake ni vichache lakini baadhi ni vikali. Vitatu vinaitwa CYP9Q1, CYP9Q2 na CYP9Q3, na mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba vinavunja tau-fluvalinati, ambayo ni ya jamii ya pareto ya viwandani kama ile lambda ya jirani yako. Mwaka 2018 ikaonekana kwamba CYP9Q3 inavunja vizuri pia thiaklopridi, dawa ya wadudu ya ukoo mwingine. Lakini imidaklopridi, iliyo ya ukoo mmoja na thiaklopridi, inaishinda. Tofauti ni kipande kidogo tu cha molekuli, na matokeo yake ni haya: nanogramu 4 hivi (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) za imidaklopridi zinatosha kumuua nyuki akizinywa, wakati thiaklopridi inahitajika maelfu ya mara zaidi. Kuna nyuki mkata majani, anaitwa Megachile rotundata, ambaye hana kabisa vimeng'enya vya ukoo huo wa CYP9Q. Kwake thiaklopridi ni kali zaidi ya mara 2,500 kuliko kwa nyuki wa asali. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa fulani ni salama kwa nyuki, muulize nyuki gani.

Sasa chupa ya pili, na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Tebukonazoli ni ya kundi la azoli. Inauaje ukungu? Inaziba kimeng'enya ambacho ukungu hukitumia kutengeneza ergosteroli ya utando wa seli zake. Na kimeng'enya hicho cha ukungu ni P450. Umeona? Dawa imetengenezwa kuziba P450, na inapoingia kwa nyuki haiulizi kama hii ni ya ukungu au ya nyuki. Kwa peke yake haiui nyuki mbele ya macho yako, ndiyo maana chupa inaonekana ya upole. Lakini nyuki aliyepata zote mbili kwa pamoja ana sumu ya pareto mwilini huku mikono ya kuivunja imefungwa. Kipimo ambacho angekivumilia kinamuua. Hili si jipya, tangu miaka ya 1990 lilionyeshwa kwa prokloraz, azoli nyingine, pamoja na lambda-saihalothrini, lambda hiyo hiyo.

Na hata anapoiponyoka, azoli inamdhuru kimya kimya. Chavua imejaa kwesetini, kitu cha kawaida cha mimea ambacho nyuki lazima akivunje kila siku kwa P450 zake. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nyuki waliopata kwesetini pamoja na maiklobutanili, azoli nyingine, walipungukiwa nguvu katika misuli ya kurukia. Kwa hiyo kuna nyuki ambaye hafi mlangoni pako. Anatoka asubuhi, na harudi.

Sio kila dawa ya ukungu ni ya namna hii. Mankozebu hufanya kazi kwa njia nyingine. Sisemi basi muipulizie kwenye maua, nasema jifunzeni kusoma jina dogo lililo chini ya jina kubwa la chupa.

Sukari nitaijibu jioni, kengele imelia.

---

VHT_Tororo

Mwalimu, umenifumbua macho. Mimi si mfugaji, ni mhudumu wa afya wa kijiji, nimeingia hapa kwa sababu ya kununua asali. Katika kampeni ya vyandarua ya 2017 na 2018, sehemu nyingine za nchi zilipewa vyandarua vya kawaida na nyingine vyandarua vyenye PBO. Tulielezwa kwamba mbu wa siku hizi wanaivunja dawa ya chandarua kabla haijawaua, na PBO inawazuia kuivunja. Ndiyo hiyo hiyo P450?

---

Mwalimu_Kemia_Gulu

Ndiyo hiyo hiyo, ndugu yangu. PBO, yaani piperonili butoksidi, inaziba P450 za mbu ili pareto ya kwenye chandarua ifanye kazi. Na ilisaidia: utafiti uliofanywa hapa Uganda na kutolewa mwaka 2020 ulikuta watoto wachache zaidi wenye vimelea vya malaria katika maeneo yaliyopata PBO. Ninalala ndani ya chandarua cha namna hiyo na ninamshukuru aliyekibuni. Lakini angalia: tulichomfanyia mbu kwa makusudi ndani ya nyumba, jirani wa mama alimfanyia nyuki bila kujua shambani. Kule tuliziba mikono ya adui, huku tumeziba ya rafiki.

Sasa sukari. Mama, mizinga miwili haitoshi kuthibitisha kitu. Huenda iliyokwisha ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na pengine ndiyo maana uliilisha. Lakini swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Asali na chavua vina asidi ya p-kumariki, inayotoka kwenye ukuta wa chembe za chavua. Mwaka 2013 kikundi cha watafiti wa Illinois, Marekani, kilionyesha kwamba asidi hiyo ndiyo inayomwambia nyuki awashe jeni zake za kuvunja sumu. Nyuki walioila pamoja na sukari waliivunja kumafosi, dawa inayotumika kuua utitiri wa varroa mzingani, haraka zaidi kuliko waliokula sukari tupu. Sukari inampa nyuki nguvu ya kuruka, haimpi taarifa. Ni kama askari aliyeshiba ambaye hakuambiwa kuna vita.

Gundi ya nyuki (propolisi wanayozibia mzinga) nayo ina asidi hiyo, na nyuki wetu wa Afrika wanaipenda gundi kweli. Kuna jaribio la mwaka 2011 lililohusu aflatoksini, sumu ya kuvu inayotusumbua kwenye mahindi na karanga: nyuki waliopewa dondoo ya gundi waliivumilia zaidi. Kwa hiyo mnaokwangua gundi yote mpaka mbao inang'aa, acheni kidogo.

Jambo moja zaidi ambalo mimi naliona la ajabu. Maziwa ya malkia hayana asidi hiyo. Funza anayeandaliwa kuwa malkia analishwa maziwa tupu, hagusi mkate wa chavua. Wale wengine wanapewa mkate wa chavua na asali, na asidi hiyo inapunguza ukuaji wa ovari zao. Chakula kile kile kinachomwandaa kibarua kukutana na sumu za dunia ndicho kinachomnyima uzazi.

---

Kahawa_Kasese

Nawasalimu kutoka chini ya Rwenzori. Mwalimu amesema nekta ni laini kwa mgeni, naomba kuongeza chumvi kidogo. Kahawa ikichanua huku kwetu, kilima kinakuwa cheupe siku chache na nyuki wanavuma mpaka unasikia kutoka barabarani. Nekta ya kahawa ina kafeini. Kafeini ni sumu ya mmea, inaua wadudu wengi. Kwenye nekta imewekwa kidogo sana, chini ya kiwango ambacho nyuki anausikia uchungu, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba nyuki aliyeonja kiasi hicho anaikumbuka harufu ya ua kesho yake vizuri zaidi kuliko aliyepewa sukari peke yake. Sumu ile ile, kwenye jani inafukuza, kwenye ua inaalika.

Na adui wetu mkubwa, yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa buni, anaishi karibu maisha yake yote ndani ya punje yenye kafeini ambayo ingemuua mwingine. Ilijulikana mwaka 2015 kwamba bakteria wa tumboni mwake ndio wanaoivunja. Walipomwondolea bakteria kwa dawa, kafeini ilipita tumboni mwake nzima nzima, na uzazi wake ukaanguka. Yeye hana haja ya kuwa na jeni nyingi, ana vibarua.

Mama, kwa upande wa vitendo: kwetu tumepatana na wanaopulizia kahawa waje jioni nyuki wakishalala, na siku za maua hakuna bomba kabisa. Ilichukua vikao vitatu mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), lakini imeshika.

---

MamaMizinga_Bweyale

Mwalimu, asante sana. Ndugu wa bomba, nawe asante kwa kusema ukweli, sikukasirika.

Nimesoma majibu yenu kwa sauti, jirani akiwa amekaa kwenye kigoda uani kwangu. Tulipofika pale pa chupa ya ukungu kuziba mikono ya nyuki alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kitu ambacho mimi sikukifikiria: kama nyuki wamekufa, nani atayazalisha matikiti yake? Maua ya tikiti yanafunguka asubuhi na kufungwa mchana, na ya jike yasipoguswa yanageuka manjano na kudondoka. Ameyaona tayari wiki hii, mengi kuliko msimu uliopita.

Tumekubaliana hivi. Dawa ya wadudu ataipulizia baada ya saa 12 jioni, maua yakiwa yamefungwa, na haitachanganywa na ya azoli. Ya ukungu atapiga siku nyingine, nayo jioni. Bomba la pili nitalilipia nusu mimi, kwa asali. Kwenye mahindi hatapiga tena mabaki, atawaokota viwavi kwa mkono akisaidiwa na watoto asubuhi, na ninyi wenye ujuzi wa viwavijeshi mkiwa na njia nzuri zaidi mwambieni, anasoma hapa sasa.

Kuhusu mizinga: sukari nimeiacha. Kutoka kwenye magogo mawili yenye nguvu nimekata masega yenye asali na chavua nikayafunga kwa uzi kwenye pau za ile mitatu iliyobaki. Miwili iliyokwisha nimeunganisha nyuki wake katika mzinga mmoja, malkia mmoja nikamtoa, na hilo halikuwa jepesi kwangu. Jana jioni nilitega sikio kwenye mbao. Wanavuma kidogo, lakini wanavuma.

Swali moja la mwisho kwa mwalimu. Masega ya ile mizinga miwili yana chavua iliyoletwa siku ile ya Jumanne. Niyayeyushe nta, au niyachome yote?

---

Mwalimu_Kemia_Gulu

Chavua usiwalishe nyuki wengine, wala asali ya masega hayo usiiuze wala usiile. Nta hufyonza dawa zinazopenda mafuta na kuzishika muda mrefu, kwa hiyo usiyeyushe kwa ajili ya kubandika kwenye pau mpya. Fukia mbali na maji, chini sana, nyuki wasije wakayachokonoa. Pau zenyewe kwangua, osha kwa sabuni, anika juani.

Na mwambie jirani karibu Gulu.